Mgeni wa Chumba cha Mbele

Georgina alipowaambia wanawe kwamba anakwenda kukaa hotelini, walidhani wamesikia vibaya. Mwijage, kifungua mimba wake, aliweka chini kikombe cha chai na kuuliza ni mgonjwa gani anayekwenda kuuguzwa huko.

"Hakuna mgonjwa," Georgina alisema. "Nakwenda kupumzika."

"Kupumzika hapa nyumbani kumekushinda?"

"Hapa kuna kuni."

Mwijage alitazama nje, kwenye rundo la kuni lililopangwa vizuri ukutani, asione ubaya wake. Akasema, kwa sauti ya chini kidogo ili mkewe asisikie, "Mama, mwanamke peke yake hotelini. Watu watasemaje?"

"Watasema Georgina amekwenda kupumzika. Na wakisema jingine, mdomo ni wao."

Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa mgomvi, lakini akishasema jambo, lilikuwa limeshatendeka; kilichobaki ni wengine kulizoea.

Tangu alipofiwa na mumewe, angali kijana, Georgina alikuwa mpishi wa mapadri pale parokiani karibu na Izigo. Alipika enzi za mkoloni. Uhuru ulikuja akiwa jikoni: siku bendera ilipopandishwa alikuwa anakata vitunguu, akalia kama watu wote, na hata yeye mwenyewe hakujua kama analia kwa uhuru au kwa vitunguu. Azimio la Arusha lilisomwa redioni yeye akiwa anakoroga uji wa padri mzee aliyekuwa na vidonda vya tumbo. Na kila mwaka, mavuno ya kahawa yakiisha, mapadri walikuwa wakienda likizo mmoja baada ya mwingine. Georgina alikuwa akiwafungia maandazi ya njiani. Walikuwa wakiondoka wamekunja nyuso na kurudi wamenawiri, wakimsimulia jinsi walivyolala mchana, jinsi walivyotazama milima. Yeye akisikiliza huku akiosha masufuria.

Siku alipomkabidhi mpishi mpya funguo za stoo, alikuwa ameshaamua. Padri mmoja alipata kumwambia kwamba pikipiki yake iliwahi kumharibikia kule Rwenkende, kijiji kilichoko mlimani juu ya Nshamba, akalala katika kihoteli cha vyumba vitatu. Asubuhi alipofungua dirisha aliukuta ukungu uko chini yake, umejaza mabonde kama maziwa kwenye kibuyu. Georgina aliwahi kuona ukungu mwingi maishani mwake, lakini siku zote ulikuwa juu ya kichwa chake.

Basi akafunga mfuko wake, akavaa gauni lake la Jumapili na kujitanda kitenge. Alipanda basi hadi Muleba, halafu akapata lori la kwenda Nshamba, na kutoka hapo gari la chama cha ushirika lililokuwa linapanda mlimani kuchukua kahawa. Ulikuwa mwaka wa operesheni ya vijiji, na njia nzima abiria hawakuwa na mazungumzo mengine. Nani atahamishwa, nani atabaki, nani ameambiwa abomoe nyumba yake. Dereva alimwuliza Georgina kama na yeye ametumwa na serikali.

"Sijatumwa na mtu," alijibu. "Nimejituma mwenyewe."

*

Hoteli ilikuwa nyumba ya matofali mabichi iliyopakwa chokaa, yenye bati lililoanza kushika kutu. Mbele kulikuwa na baraza lenye viti viwili vya mbao. Juu ya mlango mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: HOTELI MAENDELEO. CHAI, CHAKULA, VITANDA. Migomba ilikuwa imeizunguka pande tatu, na upande wa nne mlima ulishuka hadi kwenye uwanja mdogo wa kanisa, halafu ukashuka tena, mabonde kwa mabonde, mpaka Ziwa lilipoonekana kwa mbali kama ukanda wa bati.

Mwenye hoteli, Lwakatare, alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti lililopauka mabegani. Alimsalimia Georgina kwa heshima, akamkaribisha baraza, akampa punje za kahawa za kutafuna kama ilivyo desturi, akangoja. Alipoona mgeni anatafuna tu na kutazama mabonde, akauliza, "Na umefika kwa nani, mama?"

"Kwako."

"Kwangu?"

"Si hoteli hii? Nataka chumba."

Lwakatare akatazama nyuma yake, kama vile mume atatokea migombani akiwa amebeba sanduku. "Bwana atafuata baadaye?"

"Bwana alifariki zamani. Mungu amrehemu."

"Basi una ndugu hapa Rwenkende."

"Sina."

"Una shauri la ardhi?"

"Bwana Lwakatare," Georgina alisema kwa upole, akitema ganda la kahawa kiganjani, "mapadri wakija hapa huwa unawauliza haya yote?"

Lwakatare alijikuna shingo. Hakupata kumpa chumba mwanamke asiye na mume wala ndugu, na alijua vizuri majina wanayopewa wanawake wa namna hiyo. Lakini huyu aliyekaa mbele yake alikuwa na rozari shingoni na mvi zimechungulia chini ya kitambaa, na tena alimtazama kama mtu anayengoja chenji yake dukani. Mkewe, Kokushubila, alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. Georgina alimwona akitabasamu kidogo, haraka, kisha tabasamu likafichwa.

"Chumba cha mbele kiko tupu," Kokushubila alisema.

Kilikuwa chumba cheupe chenye kitanda cha chuma, godoro la pamba, beseni na jagi juu ya kimeza, na dirisha la mbao lililotazama mabonde. Georgina alikalia kitanda. Springi zililia. Shuka ilinuka jua. Alikuwa ametandika vitanda vya watu maisha yake yote, na sasa alikaa akaitazama pembe ile iliyokunjwa vizuri na mkono wa mtu mwingine, asitake kuivuruga.

*

Kupumzika kulimshinda mwanzoni. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo, mikono inatafuta moto wa kuwasha. Asubuhi ya kwanza alikwenda moja kwa moja uani, akachukua kisu na kuanza kumenya ndizi. Kokushubila alimkuta ameshamaliza nusu ya kikapu.

"Ma Georgina, unafanya nini?"

"Nasaidia tu kidogo."

Kokushubila alimnyang'anya kisu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye maneno machache, na mwendo wa mtu aliyezoea kupita bila kuonekana. Lakini siku ile alisema kwa ukali ambao ulimshangaza hata yeye mwenyewe: "Nenda ukakae. Mgeni wa kike sijawahi kumpata hata mmoja. Niache nimhudumie."

Georgina akaenda akakaa. Alikaa barazani na mikono yake mapajani, haijui pa kwenda. Wapita njia walimsalimia na kupunguza mwendo ili wamwone vizuri. Wengine walirudi kwa njia ileile kana kwamba wamesahau kitu. Kijijini uvumi ulianza kutambaa: yule mama ametumwa kuchunguza kabla ya operesheni. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mfupi aitwaye Datius, alikuja kumwona akiwa amevaa kofia, akaketi kwenye kiti cha pili, akazunguka kwa maneno weee, mwisho akauliza serikali inafikiria nini kuhusu Rwenkende.

"Mzee wangu, mimi ni mpishi," Georgina alimwambia. "Nimeacha kazi na nimekuja kulala. Hayo ya serikali nayasikia redioni kama wewe."

Datius aliitikia kwa kichwa, kwa namna ya mtu aliyeelewa siri. Alipoondoka aliacha nanasi.

Kwa vyovyote vile, Georgina alianza kulizoea lile baraza. Alijifunza kunyoosha miguu. Alijifunza kulala baada ya chakula cha mchana, jambo ambalo hakulifanya tangu alipojifungua mtoto wake wa mwisho, na alipoamka alikuta jua limehama ukuta na dunia haijaharibika. Asubuhi alifungua dirisha akaukuta ukungu uko pale padri aliposema, chini ya miguu yake, na vilele vya migomba ya watu vikichomoza humo kama vichwa vya waogeleaji. Alisimama akatazama mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyemwita.

Jioni, kazi zikipungua, Kokushubila alikuwa akija kukaa kwenye kizingiti, karibu naye lakini si kitini. Waliongea Kihaya, taratibu. Kokushubila alimweleza hofu ya kijiji. Ilisemekana watu wote watateremshwa kwenye rweya, mbuga ile ya majani makavu iliyoko chini karibu na barabara, ambako mgomba ukipandwa unanyauka.

"Kibanja changu cha migomba mimi nilikikuta kimechoka," alisema. "Nimekilisha majani na mavi ya ng'ombe tangu nilipoolewa. Sasa mikungu ya ndizi inashinda nguzo za kuitegemeza. Niende nikaanze tena kwenye mchanga?"

"Umewaambia wanaume?"

Kokushubila alicheka kimya. "Nani ataniuliza mimi?"

Georgina alitazama mabonde yakiingia giza. Hakuwa amekuja kumfundisha mtu.

*

Mvua kubwa ilinyesha mchana mmoja Georgina alipokuwa kanisani. Alirudi miguu imejaa tope, akaona Landrova imesimama mbele ya hoteli, imechafuka hadi madirishani. Barazani alikaa kijana mmoja wa mjini, suruali imelowa mpaka magotini, anajaribu kufungua kamba za viatu kwa vidole vilivyokufa ganzi. Ndani, kwenye ujia, Georgina alikuta mfuko wake umewekwa sakafuni, na kitenge chake kimekunjwa juu yake.

Lwakatare alitoka chumba cha mbele akiwa amebeba shuka safi.

"Mama, nielewe," alisema haraka, kwa sauti ya kunong'ona. "Huyo ni Bwana Rugemalira, afisa kutoka wilayani. Ndiye aliyekuja kwa shauri la kuhama. Kijiji kizima kiko mikononi mwake. Nimekuandalia mahali pazuri kule stoo, pembeni ya magunia."

Vyumba vingine viwili vilikuwa na nini? Kimoja kilikuwa na mnunuzi wa ngozi aliyelala na homa. Kingine, kile cha nyuma, kilikuwa kidogo, kimepakana na jiko, na dirisha lake lilitazama migomba ya jirani.

Georgina aliinama, akachukua mfuko wake.

"Cha nyuma kiko tupu," alisema.

"Kile hakimfai afisa!"

"Na stoo inanifaa mimi?"

"Mama, nakuomba. Hujui watu hawa."

"Nawajua. Nimewapikia." Akapita mbele yake, akaingia chumbani, akaweka mfuko juu ya kitanda. Haikuwa rahisi, hilo hatuwezi kulificha. Yeye pia alilelewa kuwapisha wakubwa. Lakini alilitazama lile dirisha na akajua kwamba akitoka humo leo, hata akirudishiwa kesho, litakuwa dirisha jingine. Basi akatoka barazani, akasimama mbele ya afisa, akamsalimia.

"Shikamoo, mama," kijana alijibu, akijaribu kunyanyuka na kiatu kimoja mguuni.

"Marahaba, mwanangu. Pole na tope. Mimi ndiye mgeni wa chumba cha mbele. Mwenyeji wetu alitaka kukupa wewe, nami nimekataa. Cha nyuma kipo, na kina joto kwa sababu ya jiko. Nimeona nikuambie mwenyewe, usije ukamkasirikia yeye."

Rugemalira alimtazama, kisha akamtazama Lwakatare aliyekuwa amesimama mlangoni na shuka kifuani. Uso wa kijana ulikunjamana. Alikuwa ametoka wilayani alfajiri, amesukuma gari kwenye matope, na kila kijiji alichofika watu walimwogopa hata kabla hajafungua kinywa. Hakuzoea kuambiwa hapana, na kwa dakika moja ilionekana kwamba atasema neno zito.

"Hicho cha nyuma kina kitanda?" aliuliza.

"Kina," alisema Kokushubila kutoka ndani.

"Basi nipeni maji ya moto." Akarudi kwenye kamba za kiatu chake.

Lwakatare alikaa chini pale pale kizingitini, shuka mapajani, kama mtu aliyenusurika ajali.

*

Jioni ile Kokushubila alichinja kuku. Harufu ilipita ujia mzima, na Georgina akiwa kitandani aliifuata kwa pua kama mtu anayesoma: sasa vitunguu, sasa nyanya, sasa ameongeza maji, sasa amefunika. Yeye mwenyewe alikuwa amepika kuku wasiohesabika. Hakuwahi kumla hata mmoja. Alikuwa akionja mchuzi kwa ncha ya ulimi, akiongeza chumvi, akipeleka bakuli mezani na kurudi kula maharage yake. Mwanamke wa Kihaya mwenye heshima hakula kuku, wala mayai, wala senene, wale panzi wa kuliwa, ambao yeye ndiye aliyetoka kuwaokota. Wasichana wa shule kule Bukoba walikuwa wanakula siku hizi bila kujali, lakini Georgina hakusoma shule hiyo, na katika jiko la parokia hakuna aliyewahi kumwambia akae.

Mezani walikuwa wawili tu, yeye na afisa. Mnunuzi wa ngozi alipelekewa uji kitandani. Kokushubila aliweka sahani ya ndizi katikati. Mbele ya Rugemalira aliweka bakuli la kuku. Mbele ya Georgina aliweka maharage.

Georgina aliyatazama maharage. Yalikuwa maharage mazuri.

"Kokushubila," alisema, "mimi naomba kuku."

Mwenyeji wake alisimama na sinia mkononi. Akajibu kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, kana kwamba afisa hataelewa, ilhali naye ni Mhaya aliyezaliwa Hamugembe, Bukoba: "Mae, mama yangu, sisi ni wanawake."

"Najua. Nilikuwa mwanamke jana pia. Lakini nimekuja hapa kula chakula ambacho sikukipika, na chakula nilichokipika maisha yangu yote bila kukila ni hicho. Nipe paja."

Rugemalira aliinamisha kichwa juu ya sahani, midomo ikimcheza. Kisha akasukuma bakuli katikati ya meza.

Georgina alichukua paja. Aliling'ata. Ilikuwa nyama laini, yenye mafuta kidogo karibu na ngozi, na mchuzi umeingia mpaka kwenye mfupa. Alitafuna polepole, macho kayafumba. Alifikiri atasikia hatia, au kichefuchefu, au angalau sauti ya marehemu mama yake. Alichosikia ni kwamba chumvi imepungua kidogo, na kwamba ni kitamu, kitamu kweli, na kwamba wote waliokuwa wakila chakula hiki miaka yote ile walikuwa wakijua na wakanyamaza.

"Ehe?" Kokushubila aliuliza. Hakuweza kujizuia.

"Keti uonje."

"Mimi?"

"Nyumba ni yako. Kuku ni wako. Na wewe ndiye uliyempika."

Kokushubila aliangalia mlango. Akaangalia sinia. Akaiweka chini, akavuta kigoda, akaketi kwenye pembe ya meza, mgongo umenyooka kama yuko kanisani. Alichukua bawa, akalishika kwa vidole viwili, akalila lote bila kupumzika, mpaka ikabaki mifupa.

Hapo ndipo Lwakatare alipoingia na karabai. Mwanga ulimwangukia mkewe, na bawa, na mikono iliyong'aa mafuta. Mumewe alisimama na taa mkononi. Kokushubila hakunyanyuka.

"Bwana Lwakatare," Rugemalira alisema, akiendelea kula kama hajaona kitu, "pilipili ziko wapi?"

Lwakatare alimtazama afisa, akamtazama mkewe, akamtazama Georgina. Hakuna aliyetikisika. Basi akatundika karabai kwenye msumari, akaenda jikoni mwenyewe. Walimsikia akifunua vyungu kimoja baada ya kingine, maana hakujua vitu vinakaa wapi. Mwisho alirudi na pilipili kiganjani, akaziweka mezani, akabaki amesimama.

"Kuna bawa jingine," mkewe alimwambia.

*

Mkutano ulifanyika kesho yake kwenye uwanja wa kanisa. Datius alikuja mapema kumchukua Georgina, kwani bado aliamini ametumwa na serikali.

"Mzee wangu, mimi niko mapumzikoni," Georgina alisema. "Kijiji ni chenu."

Akabaki barazani. Uwanja ulikuwa chini tu ya mteremko, na upepo ulipandisha maneno. Aliona watu wamekaa majanini, wanaume mbele, wanawake nyuma na watoto mgongoni. Rugemalira alitandaza ramani juu ya meza. Alieleza habari za kuishi pamoja, shule, zahanati, maji ya bomba, na mwisho akaonyesha kwa kalamu mahali palipopendekezwa: rweya, kando ya barabara. Kisha wanaume walianza kusimama mmoja mmoja. Walisifu chama. Walimshukuru mgeni kwa kufika. Walisema wanaunga mkono, ila wanaomba muda wa kufikiri. Hakuna aliyetaja mgomba hata mmoja.

Georgina alikuwa anaanza kusinzia aliposikia sauti nyembamba aliyoijua. Akafungua macho. Kokushubila alikuwa amesimama, peke yake, katikati ya wanawake waliokaa.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza," alisema. Akakohoa, akaanza tena. "Serikali inataka tuishi karibu karibu, sivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Wewe jana umelala kwangu, chumba cha nyuma. Jirani yangu Celina ana mtoto anayeota meno. Ulimsikia?"

Watu waligeuka. Rugemalira alijikuna kidevu. "Nilimsikia usiku kucha," alikiri.

"Na mume wa Celina alipogombana na mbuzi wake alfajiri?"

"Hata mbuzi nilimsikia."

Kicheko kilianza nyuma, kwa wanawake, kikaenda mbele. Kokushubila alingoja kitulie. "Sasa, Mheshimiwa, tukaribiane vipi zaidi ya hapo? Migomba yetu imeshikana majani kutoka nyumba hii hadi ile. Kule rweya tutaishi pamoja, ndiyo, lakini pamoja tutakula nini? Jana ulikula ndizi mara mbili. Zimetoka kwenye udongo niliourutubisha mimi kwa mikono hii. Shule mtuletee hapa. Hata mawe tutabeba. Na kama kuna shamba la kijiji, tutakwenda kulima huko chini na kurudi nyumbani."

Akakaa. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, kifupi, cha kujaribu. Kisha Celina akasimama kuongeza la kwake, na baada yake mwingine, na wanaume nao wakapata sauti, na mpaka jua linafika utosini mkutano ule ulikuwa umechafuka kabisa, kila mtu anataka kusema habari za kibanja chake. Rugemalira aliacha kuwanyamazisha. Alikaa akasikiliza, kalamu mkononi, na alipopanda hotelini kuchukua mizigo yake alionekana amechoka lakini uso umelegea.

"Sikuahidi kitu, mama," alimwambia Georgina pale barazani. "Nitapeleka walichosema. Wakubwa wangu ndio wataamua."

"Umewasikiliza. Si haba."

Alisita kidogo, mguu mmoja kwenye Landrova. "Kweli umekuja kupumzika tu?"

"Kweli."

"Mama yangu hajawahi kupumzika siku moja," alisema, kana kwamba amelikumbuka sasa hivi. Akawasha gari.

*

Georgina alikaa mpaka siku alizolipia zikaisha, hakupunguza hata moja. Lwakatare hakumzoea kabisa, lakini aliacha kunong'ona. Kuhusu kuku hakusema lolote mbele ya mgeni. Kama walisemezana na mkewe faraghani, ukuta haukusimulia. Ila Georgina aliona kwamba jioni Kokushubila sasa alikuwa anaketi kitini, kile cha pili, na mumewe akikikuta kimekaliwa anavuta kigoda.

Siku ya kuondoka, lori la ushirika lilipiga honi chini ya mteremko. Kokushubila alimbebea mfuko.

"Nyumbani watakuuliza ulifanya nini siku zote hizo," alisema.

"Wataniuliza sana."

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia nilikula, nikalala." Georgina alipanda, akakaa juu ya magunia ya kahawa, akaweka gauni lake vizuri. "Nao hawataamini."

Jawabu la serikali lilichukua muda, na Georgina alilipata kwa abiria wa basi: Rwenkende iliandikishwa kuwa kijiji pale pale iliposimama, kama vijiji vingine vingi vya Uhayani vilivyokuwa tayari vimebanana migombani. Waliamriwa kulima shamba la pamoja kule rweya, na walilima, wengine kwa moyo na wengine kwa manung'uniko, maana kila wiki jembe lilikuwa linawangoja na udongo ule ulikuwa mgumu. Madarasa mawili ya shule yalijengwa karibu na kanisa. Katika kamati ya kijiji waliingizwa wanawake wawili, Kokushubila akiwa mmojawapo, na abiria yule aliyesimulia alilalamika kwamba tangu hapo mikutano imekuwa mirefu.

Mwaka uliofuata, mavuno ya kahawa yalipoisha, Georgina alimwendea wifi yake Felicitas, mjane kama yeye, akamkuta anachambua maharage. Akamwambia afunge mfuko. Felicitas aliuliza wanakwenda kwa nani, nani anaumwa, na watarudi lini.

"Vaa viatu vizuri," Georgina alimwambia. "Kule juu kuna baridi, na ukungu wake si wa kukosa."

Felicitas aliyaacha maharage kwenye ungo, nusu yamechambuliwa, akaenda kutafuta viatu.